Mtungi uliozibwa pumzi: uchambuzi wa mlipuko wa nitrojeni Texas A&M, 2006

Saa tisa za usiku, tarehe 12 Januari 2006, mtungi wa nitrojeni kimiminika ulilipuka ndani ya maabara ya kemia katika Chuo Kikuu cha Texas A&M, mjini College Station, Marekani. Hapakuwa na mtu chumbani na hakuna aliyeumia. Ungelipuka saa tisa za mchana badala ya saa tisa za usiku, leo tungekuwa tunahesabu marehemu.

Madhara yake yanafaa kusomwa polepole, kwa sababu yanaonyesha nguvu ilipita wapi. Mtungi ulikuwa umesimama juu ya sakafu ya zege iliyotandikwa vigae. Vigae vyote vilivyokuwa umbali wa kama futi tano kuuzunguka vilibanduka, vikapasuka vipande vidogo vyenye ukubwa wa sarafu, vikaruka na kukita kwenye kuta na milango. Zege la sakafu lilipasuka lakini halikutoboka, kwa kuwa chini yake palipita boriti. Boriti yenyewe ilivunjika, ila ilikuwa imeshazuia. Sakafu ilipohimili, nguvu yote ikageukia juu. Mtungi, ukiwa umeshapoteza kitako, ulipaa ukatoboa dari ya zege na kuingia chumba cha mitambo kilicho juu yake. Huko uligonga mabomba mawili makuu ya maji ya inchi tatu, ukayasukuma pamoja na nyaya za umeme hadi kwenye zege la paa, na paa likapata ufa. Nyuma yake uliacha tundu la duara lenye kipenyo cha inchi 20, safi kana kwamba fundi amelikata kwa kipimo. Ukuta wenye mlango ulitupwa koridoni. Kuta zilizosalia zilisogea kutoka kwenye misingi yake kwa inchi nne hadi nane. Madirisha yote yalirushwa uani isipokuwa moja, lile lililokuwa limeachwa wazi.

Hapakuwa na moto wala kemikali kali. Nitrojeni ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, haiungui na wala haisaidii kitu kuungua. Iliyovunja jengo ni presha peke yake.

Wachunguzi walipoupata mtungi hawakuhitaji darubini kuona tatizo. Ulikuwa umetengenezwa mwaka 1980, na kwa kawaida mtungi wa aina hii huwa na vifaa viwili vya kutoa presha ikizidi: vali ya usalama na diski ya kupasuka. Hapo palipopaswa kuwa na vali palikuwa na plagi, yaani kizibo, ya shaba ya njano. Palipopaswa kuwa na diski palikuwa na plagi nyingine kama hiyo. Wakati fulani huko nyuma vifaa vyote viwili viliharibika, vikatolewa, na matundu yake yakazibwa kwa chuma kisichoweza kufunguka.

Huo ndio msingi wa kisa. Lakini ukiishia hapo utasema tu kwamba kuna mtu alifanya uzembe, na utakosa sehemu inayofundisha. Swali la maana ni hili: mtungi uliozibwa hivyo uliwezaje kuendelea kutumika, kujazwa na kujazwa tena, bila kulipuka siku ileile plagi ya pili ilipofungwa?

Ili kulijibu lazima tuuelewe mtungi wenyewe. Nitrojeni huchemka kwenye nyuzi 196 za Selsiasi chini ya sifuri. Ili ibaki kimiminika huwekwa ndani ya chombo chenye kuta mbili, na kati ya kuta hizo hewa imeondolewa likabaki ombwe, kama ilivyo chupa ya chai. Ombwe hupunguza joto linaloingia. Halilizuii kabisa, na hakuna kinacholizuia kabisa. Shingo ya mtungi, mabomba yake na vishikizo vinavyoshika ganda la ndani vyote hupitisha joto kidogo kidogo, usiku na mchana. Kwa hiyo nitrojeni iliyomo haijatulia hata dakika moja; inachemka. Mtungi mzuri wenye ombwe zima hupoteza kama asilimia moja au mbili ya ujazo wake kwa siku hata bila kuguswa. Uliozeeka, ambao ombwe lake limeanza kuharibika, hupoteza zaidi.

Asilimia moja inasikika kama kitu kidogo. Lakini lita moja ya nitrojeni kimiminika, ikigeuka gesi yenye joto la kawaida la chumba, inakuwa karibu lita 700. Chukua mtungi wa lita 180 unaopoteza asilimia moja na nusu kwa siku: hizo ni lita karibu 1,900 za gesi kila siku zinazotafuta pa kutokea. Hapa ndipo mtungi wa kimiminika unapoachana na mtungi wa gesi iliyoshindiliwa. Ule wa gesi ukiufunga na kuuweka pahali pasipo na joto jipya, presha yake itabaki palepale kesho na keshokutwa. Huu wa kimiminika huzalisha presha wenyewe ukiwa umesimama tu pembeni, na hauna swichi ya kuuzima. Kumbe basi njia ya kutolea gesi ni sehemu ya uhai wake, sawasawa na zile kuta mbili. Ukiiondoa, kilichobaki si mtungi wenye upungufu. Ni bomu ambalo saa yake huijui.

Ndiyo maana watengenezaji huweka vifaa viwili, na kila kimoja kina kazi yake. Vali ya usalama ni springi inayokandamiza kifuniko kidogo juu ya tundu. Presha ya ndani ikiishinda springi, kifuniko hunyanyuka, gesi hutoka, presha hushuka, kifuniko hurudi mahali pake. Hufanya hivyo mara nyingi katika maisha yake. Kiwango cha kufunguka huchongwa kwenye mwili wa vali: mitungi ya presha ndogo hufunguka kwenye 22 psi (pauni kwa inchi moja ya mraba), mingine hupangwa 230 au 350. Diski ya kupasuka ni bati jembamba lililobanwa kwenye mdomo wake, lililotengenezwa lipasuke kwenye presha ya juu kuliko ile ya vali lakini chini sana ya ile inayoweza kuupasua mtungi. Haina springi wala sehemu inayosogea. Ikipasuka imepasuka, na kila kilichomo ndani kitatoka. Vali hushughulikia mambo ya kila siku. Diski huwekwa kwa siku ambayo vali imeganda, au ombwe limeingia hewa ghafla, au moto umezuka karibu na gesi inazalishwa kwa kasi ambayo tundu dogo la vali haliwezi kuitoa.

Sasa tazama vali hiyo ikiwa kazini kwa muda mrefu. Gesi inayotoka ni baridi kupindukia. Unyevu wa hewa hugandia mdomo wa vali ukawa theluji, theluji ikayeyuka, maji yakaingia chini ya kifuniko, yakaganda tena. Chembe ya uchafu hukaa juu ya kiti cha vali. Siku moja kifuniko kinanyanyuka na hakirudi sawasawa. Tangu hapo vali inazomea: sssss, mfululizo, mchana kutwa. Mvuke mweupe unashuka ubavuni mwa mtungi. Nitrojeni uliyojaza Jumatatu imekwisha Jumatano, na mtu anayesubiri kuitumia kwa kupoozea mtambo wake anaukuta mtungi mtupu.

Mtu huyo haoni hatari. Anaona hasara na kelele. Tena anachokiona ni kweli tupu: vali imeharibika, inapoteza mali. Suluhisho analoliona liko kwenye droo ya vifaa, kwa sababu matundu ya vifaa hivi mara nyingi huwa na hesi za kawaida za bomba, zilezile za viungio vya kila siku. Plagi ya shaba ikizungushwa hapo inaingia vizuri kabisa, inakaza, na kelele inakwisha. Vali mpya inabidi iagizwe, isubiriwe, ilingane na kiwango cha mtungi. Plagi inachukua dakika tano. Naamini hapa ndipo penye mzizi, na sidhani kama hotuba za usalama zinapagusa vya kutosha. Kifaa cha usalama kiliharibika kwa namna inayoudhi, na namna rahisi kuliko zote ya kuondoa maudhi ikawa ileile inayoondoa usalama.

Jambo hili ni la zamani. Denis Papin, Mfaransa aliyeonyesha chungu chake cha kupikia kwa presha ya mvuke mjini London mwaka 1679, alilazimika kukiwekea vali yenye wenzo na uzito, kwa sababu chombo kilichofungwa kikipashwa moto hakina simile. Na tarehe 17 Juni 1831, huko South Carolina, bwela la treni iliyoitwa Best Friend of Charleston lililipuka. Inavyosimuliwa, mchochea moto alikuwa amechoshwa na mlio wa mvuke uliokuwa ukitoka kwenye vali ya usalama, akaizuia isifunguke. Alikufa. Kati ya bwela lile na mtungi wa Texas pana miaka 175, na kilichowaponza ni kitu kimoja: mlio uliochukuliwa kuwa kero badala ya kuwa taarifa.

Turudi kwenye swali letu. Matundu mawili yamezibwa. Mtungi unaendelea kufanya kazi. Jibu ni kwamba ulikuwa na tundu la tatu ambalo hakuna mtengenezaji aliyelipanga. Gasketi ya juu ya mtungi, yaani pete ya kuzibia kiungo, ilikuwa imechoka na inavuja. Gesi ilikuwa ikipenya hapo kidogo kidogo, na presha ikawa haipandi. Ubovu mmoja ulikuwa unafunika ubovu mwingine. Yeyote aliyeutazama mtungi aliona chombo kikuukuu chenye gasketi mbovu, na ulipozidi kutumika bila tatizo, kila siku iliyopita ikawa kama ushahidi kwamba mtungi ni salama.

Kisha gasketi ikabadilishwa na mtungi ukajazwa.

Aliyeibadilisha alifanya kazi nzuri. Nalisema hili bila kumung'unya maneno, kwa sababu katika visa kama hivi lawama hupenda kumwangukia mtu wa mwisho kugusa. Aliona kitu kinavuja, akakitengeneza, jambo ambalo kila mwalimu wa karakana angemsifia. Sote tumelelewa na msemo kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ufa ulizibwa, na ukuta ukaenda. Kosa halikuwa kuziba gasketi. Kosa lilikuwa kwamba hakuna kitu chochote mahali pale kilichomlazimu mtu kuuliza, kabla ya kuziba sehemu inayovuja: presha hii, nikishaifunga hapa, itatokea wapi? Swali hilo lingemfanya atazame juu ya mtungi, na juu ya mtungi plagi mbili zilikuwa zinaonekana kwa macho.

Kilichofuata ndani ya mtungi ni fizikia isiyojadiliwa. Joto liliendelea kuingia kama siku zote. Safari hii gesi haikuwa na pa kwenda, ikaanza kubana kimiminika chake chenyewe. Presha ikipanda, kiwango cha kuchemka nacho hupanda, na kimiminika kinaanza kupata joto. Watu wengi hudhani hatari ni ile nafasi ya gesi iliyo juu tu. Kumbe kimiminika chenyewe hutanuka. Nitrojeni ikitoka nyuzi 196 chini ya sifuri hadi nyuzi kama 163 chini ya sifuri, ujazo wake huongezeka kwa karibu asilimia 30. Bado ni baridi ya kutisha, hakuna mkono ungeweza kuigusa, lakini imeshavimba kwa karibu theluthi moja. Mtungi uliojazwa pomoni hauna theluthi hiyo. Nafasi ya gesi inazidi kupungua mpaka inaisha, na kuanzia hapo ndani mna kimiminika kitupu kinachosukuma chuma kila upande. Gesi hubanika, ina uvumilivu. Kimiminika hakibaniki kirahisi. Presha ambayo hadi hapo ilikuwa ikipanda kwa mwendo wa taratibu inaanza kuruka.

Chuma kisingeweza kushinda mashindano hayo hata kingekuwa kinene namna gani kwa mtungi wa kawaida. Nitrojeni kimiminika ikijaza chombo kisicho na nafasi, ikafungwa na kuachwa ifikie joto la chumba, presha yake ingepita mara 2,000 ya presha ya hewa. Mtungi huu ulikata tamaa mapema sana kuliko hapo. Ulikadiriwa kupasuka ukiwa umepita 1,000 psi, yaani karibu mara 70 ya presha ya hewa, na sehemu iliyoachia ilikuwa kitako. Piga hesabu. Kitako chenye kipenyo cha kama sentimita 45, chini ya presha hiyo, kinasukumwa kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya tani 100. Kitako kilipotoka, nguvu hiyo ilisukuma sakafu kwenda chini na mtungi kwenda juu, huku kimiminika kilichokuwa kimebanwa kikigeuka gesi papo hapo na kujaza chumba. Ndipo lile tundu la inchi 20 kwenye zege la dari linapoeleweka.

Geji je? Mitungi mingi ya aina hii huwa na geji ya presha juu yake. Lakini geji ni ya kusomwa, na saa tisa za usiku hakuna anayesoma. Vali na diski hazihitaji mtu awepo, na ndiyo thamani yake yote. Mara nyingi nasikia ikisemwa kwamba usalama wa chombo cha presha ni umakini wa mtumiaji. Sikubaliani. Umakini hulala, huenda likizo, huhitimu masomo. Springi hailali.

Na hapo kwenye kuhitimu pana jambo zito kuliko linavyoonekana. Mtungi wa 1980 uliokuwa bado kazini mwaka 2006 ulikuwa na miaka 26. Katika maabara za vyuo, wanaogusa mitungi kila siku ni wanafunzi wa shahada za juu, na kila mmoja hukaa miaka michache kisha huenda zake. Anayeziba tundu anajua kwamba kaliziba, na pengine anajua kuwa ni la muda tu mpaka vali mpya ifike. Anapoondoka, ujuzi huo anaondoka nao. Anayempokea anaukuta mtungi wenye plagi mbili, na kwa kuwa hajawahi kuuona ukiwa na vali, anadhani ndivyo ulivyoumbwa. Mtungi wa kukodi unaorudi kwa muuzaji wa gesi una nafuu: kila ukirudi kujazwa unapita mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kukagua vali na tarehe za upimaji, naye anaweza kukataa kuujaza. Mtungi unaojaziwa ndani kutoka tangi kubwa la jengo haupiti kwa mtu wa namna hiyo asipowekwa mahsusi. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo nafasi ya kwanza ambayo kisa hiki kingeweza kukatwa: pale kwenye bomba la kujazia. Mtu anayejaza awe na wajibu wa kutazama vifaa viwili, na awe na mamlaka ya kusema mtungi huu haujazwi. Ukaguzi wa mara moja kwa mwaka ni mzuri, ila mtungi hujazwa mara nyingi zaidi ya hapo, na kila kujaza ni mwanzo wa saa mpya.

Nafasi ya pili ni vipuri. Mtu aliyeziba tundu kwa plagi alikuwa na plagi na hakuwa na vali. Pahali panapotumia mitungi hii pakiwa na vali mbili tatu na diski za kiwango sahihi kabatini, ukarabati sahihi nao unachukua dakika tano, ukiwa umefanywa na anayejua, mtungi ukiwa mtupu na presha ikiwa sifuri. Bei ya vali ni ndogo mno ukiipima na ukuta mmoja wa maabara. Sheria inayokataza plagi bila kuweka vali karibu itavunjwa na mtu mwenye haraka, na maabara zimejaa watu wenye haraka.

Kuna kanuni nyingine ambayo wahandisi wa vyombo vya presha wanaishikilia sana: kati ya chombo na kifaa chake cha kutoa presha kusiwe na kitu kinachoweza kufungwa. Koki iliyowekwa hapo ili kurahisisha matengenezo itafungwa siku moja na kusahauliwa. Plagi ya Texas ni koki iliyofungwa moja kwa moja. Na kanuni hii haihusu mtungi peke yake. Kipande chochote cha bomba la nitrojeni kilicho kati ya koki mbili ni chombo kidogo kinachojitegemea. Ukizifunga zote mbili kimiminika kikiwa katikati, nacho kitapasuka, na kwa sababu hiyo kila kipande cha namna hiyo huwekewa vali yake ndogo.

Vyombo vingine vya chuma vina njia zake, na zote zinafuata wazo moja la kuachia mahali palipochaguliwa kabla chuma hakijajichagulia chenyewe. Mtungi wa asetilini una plagi za madini laini zinazoyeyuka karibu na nyuzi 100, ili wakati wa moto gesi itoke badala ya mtungi kupasuka. Mtungi wa propani una vali ya springi. Mtungi wa kaboni dioksaidi una diski. Kopo la dawa ya kupuliza lina kitako kilichobonyea kwenda ndani, ambacho presha ikizidi hubonyeka kwenda nje kwanza na kuongeza nafasi kidogo. Ulinzi huo ni mdogo, ndiyo maana maandishi yake yanakataza kuliweka kwenye joto linalopita nyuzi 50. Aina hizi hazibadilishani kazi. Plagi ya kuyeyuka hupima joto na haijui presha, kwa hiyo kwenye mtungi wa nitrojeni, ambao hupasuka ungali baridi, isingesaidia chochote.

Yupo atakayesema kwamba kuacha vali ikizomea nako si jawabu, na ana haki. Gesi ya nitrojeni inayotoka ndani ya chumba hufukuza oksijeni. Lita 20 za kimiminika zikigeuka gesi ndani ya chumba cha mita za ujazo 60 kisicho na hewa inayopita, oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi karibu 16, na mwili hautoi onyo: hakuna harufu, hakuna kukabwa, mtu huchoka, akili huchanganyika, huanguka. Kwa hiyo mlio wa vali una majibu yake. Kama ni wa vipindi, unafunguka na kufunga, mtungi unapumua na hilo ni jambo la kawaida. Kama ni mfululizo na hauishi, ama vali haifungi vizuri ama ombwe limekufa na kimiminika kinachemka kwa kasi. Mtungi wenye theluji au jasho sehemu kubwa ya ubavu wake umeshakuambia kuwa ni ombwe. Katika hali zote mbili mtungi hupelekwa penye hewa nyingi, huachwa umalize kilichomo, huandikwa kibao cha kuzuia matumizi, na hutengenezwa na mwenye ujuzi. Kuziba hakumo katika majibu hayo.

Anayefanya kazi na mitungi hii anaweza kuitazama leo. Vifaa vya kutoa presha viko juu, karibu na koki za kutolea kimiminika na gesi. Vali ina tundu la kutolea gesi na namba ya kiwango imechongwa mwilini. Diski huwa ndani ya kifuniko chenye matundu pembeni. Kichwa cha mraba au cha pembe sita kisicho na tundu wala namba, mahali ambapo mitungi mingine ina vali, ni plagi. Ukiikuta kwenye mtungi wenye kimiminika, usiiguse kwa spana. Plagi iliyobanwa na presha ikilegea hutoka kama risasi, na nyuma yake hutoka nitrojeni. Soma geji kwanza. Ikiwa bado iko chini ya kiwango cha kazi na chumba kina hewa ya kutosha, fungua koki ya kutolea gesi polepole na uiache wazi, watu wengine watoke, kisha mwite muuzaji wa gesi au mtu wa usalama. Ikiwa mshale umepita mstari mwekundu, au geji haipo kabisa, usisogelee mtungi hata kwa koki: toa watu wote, wa ghorofa ya juu na ya chini pia, na piga simu ya zimamoto ukiwa nje.